Kabla hujatoa hela ya nyumba: mwongozo kamili wa kutambua aina ya umiliki na kuchagua dalali, wakili, mthamini na mpima

Wanunuzi wengi wa nyumba hukwama mahali palepale. Wanaiona nyumba, wanapatana bei, wanakwenda ofisi ya serikali ya mtaa kusaini, wanalipa, kisha ndipo wanaanza kuulizia hati. Mambo yamegeuzwa kichwa chini miguu juu. Aina ya umiliki ndiyo inayoamua uhakiki wako ufanyike ofisi gani, umlipe mtaalamu yupi, na kama benki itaikubali karatasi utakayokabidhiwa.

Maelezo haya ni ya Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake za ardhi na ofisi zake, usiyachanganye. Kama unatumia pasipoti ya nchi nyingine, hata kama umezaliwa Tanga, muone wakili kabla ya hatua ya kwanza, kwa sababu Sheria ya Ardhi haimpi asiye raia kiwanja cha kujijengea kama inavyompa raia.

## Vitu vya kuwa navyo mkononi

- Kitambulisho cha NIDA na namba ya mlipakodi (TIN).
- Nakala ya karatasi ya umiliki anayoitumia muuzaji, kurasa zote pamoja na ramani iliyoambatishwa.
- Nakala ya kitambulisho cha muuzaji. Ikiwa ana ndoa, na cha mwenza wake.
- Risiti za kodi ya pango la ardhi.
- Akaunti ya benki. Malipo ya nyumba hayapitii mkononi wala kwenye simu ya dalali.
- Fungu la pembeni, nje ya bei, la wakili, mpima, mthamini, upekuzi na ushuru wa stempu. Mwenye hela ya bei tu bado hajawa tayari kununua.

Muuzaji akikataa kutoa nakala kwa madai kwamba wezi wa hati ni wengi, mwambie akutajie namba ya hati, kiwanja, kitalu na eneo. Hizo zinatosha kuanzia. Akikataa na hizo, tafuta nyumba nyingine.

## Hatua ya 1: Tambua unachouziwa

Kwa Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, ardhi yote ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais. Unachonunua ni haki ya kuitumia, na haki hiyo ina madaraja. Neno "nyumba ina hati" halikuambii ni daraja lipi.

Hati miliki. Hutolewa kwa kiwanja kilichopimwa, kwa muda usiozidi miaka 99. Nyingi ni za miaka 33, 66 au 99. Ina jina la mmiliki, namba ya kiwanja na kitalu, ukubwa kwa mita za mraba, matumizi, tarehe ya kuanza na ramani ya upimaji. Benki huipokea kwa rehani.

Angalia mambo mawili ambayo wengi huyaruka. La kwanza ni miaka iliyobaki: hati ya miaka 33 iliyoanza 1996 inaisha 2029, na hilo lazima lionekane kwenye bei. La pili ni matumizi. Kiwanja kilichoandikwa makazi hakigeuki cha gesti au cha maduka kwa sababu umekinunua wewe. Kubadili matumizi kuna maombi yake, na yanaweza kukataliwa.

Barua ya toleo, ambayo mtaani huitwa ofa. Ni hatua ya kuelekea kwenye hati: mtu amepewa kiwanja kwa masharti na ada za kulipa. Ofa ya zamani ambayo ada zake hazikulipwa ni hatari, maana kiwanja hicho huenda kimeshagawiwa mtu mwingine. Omba risiti za malipo ya toleo lenyewe, usiridhike na barua peke yake.

Leseni ya makazi. Hutolewa na halmashauri ya mji kwa nyumba zilizo kwenye maeneo yasiyopimwa. Ni ya miaka michache na huhuishwa. Inamtambua mkaaji, ila haina uzito wa hati. Taasisi chache za mikopo huikubali kwa mikopo midogo.

Karatasi ya mauziano ya mtaa. Hapa ndipo nyumba nyingi za mijini zilipo, ndizo watu wanaziita za skwata. Karatasi hii inathibitisha kwamba fulani alimuuzia fulani mbele ya mashahidi, basi. Haiko kwenye daftari lolote la ardhi. Si haramu kununua hapa, na urasimishaji, yaani mpango wa kupima makazi yasiyopimwa na kuyapa hati, umewapa hati watu wengi walioanzia hapa. Lakini bei iwe ya skwata, na uulize ofisi ya mipangomiji kama mtaa huo una mchoro ulioidhinishwa. Nyumba iliyoangukia kwenye barabara ya mchoro haitapata hati hata ukisubiri miaka 20.

Hakimiliki ya kimila. Ni ya ardhi ya kijiji, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, na huandikwa katika masjala ya ardhi ya kijiji. Mtu wa nje ya kijiji hanunui kwa kusaini na mwenye shamba peke yake. Anahitaji idhini ya halmashauri ya kijiji, na ushahidi wake ni muhtasari wa kikao wenye sahihi na mihuri. Mhuri wa mtendaji peke yake si kikao. Viunga vya miji mikubwa vimejaa viwanja vilivyouzwa "kwa mtendaji" ambavyo kijiji hakijawahi kuvijadili.

Hati ya sehemu ya jengo. Hii ni ya fleti, chini ya sheria ya mwaka 2008 inayohusu umiliki wa sehemu za majengo. Unamiliki fleti yako, huku ngazi, paa, lifti na maegesho yakiwa ya wote. Uliza maswali matatu: hati ya sehemu imeshatoka au jengo zima bado liko kwenye hati moja ya mjenzi? Ada ya huduma ni kiasi gani kwa mwezi? Fleti hii inadaiwa? Jengo likiwa bado kwenye hati moja iliyowekwa rehani, mjenzi akishindwa kulipa mkopo, benki itauza jengo ukiwa ndani.

Umefanikiwa ukiweza kuandika sentensi moja kamili, kwa mfano: "Nanunua nyumba iliyo kwenye hati miliki ya miaka 66, imebaki 41, matumizi makazi, mita za mraba 620." Ikikushinda, rudi kwa muuzaji.

## Hatua ya 2: Jua nani mwenye haki ya kuuza

Jina lililo kwenye hati ni mwanzo tu wa swali.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamzuia mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina la mmoja. Dai ridhaa ya maandishi iliyosainiwa mbele ya wakili, mwenza akiwepo mwenyewe. Muuzaji akisema hana ndoa, aape kwa kiapo cha maandishi. Usione haya kudai. Kesi nyingi za nyumba huanzia kwa mke ambaye hakuambiwa.

Hati yenye majina mawili au zaidi isome vizuri. Kwenye umiliki wa pamoja hakuna aliye na fungu lake, na mmoja akifa haki inabaki kwa aliye hai. Kwenye umiliki wa hisa kila mmoja ana sehemu yake, na akifa sehemu hiyo inaingia kwenye mirathi. Kwa vyovyote vile, kununua nyumba nzima kunahitaji sahihi za wote. Ninyi pia mnaonunua mkiwa wawili, amueni mapema mtaandikwa vipi.

Kama mwenye jina amefariki, anayeuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Mtoto mkubwa hana mamlaka hayo, na muhtasari wa kikao cha ukoo haumpi. Mahakama ya mwanzo hutoa uteuzi kwa Fomu Na. 4. Chukua namba ya shauri uende mahakama hiyohiyo kuuliza kama uteuzi bado upo na kama kuna pingamizi. Zaidi ya hapo, pata sahihi za warithi wote watu wazima. Msimamizi anaweza kuuza kihalali kisha mdogo wake akakuburuza kwenye baraza la ardhi miaka mitano.

Anayeuza kwa niaba ya mtu aliye mbali aonyeshe hati ya nguvu za kisheria iliyosajiliwa, inayotaja kuuza kiwanja hicho kwa namba yake. Kisha mpigie mwenye mali kwa video na umuombe ashike kitambulisho chake.

## Hatua ya 3: Chagua watu, kila mmoja kwa kazi yake

Kosa kubwa hapa ni kumpa dalali kazi za watu wanne. Dalali anatafuta nyumba na kukutanisha watu. Hahakiki hati, hapimi mpaka, hathamini na haandiki mkataba. Analipwa mauziano yakifanyika, kwa hiyo hakuna kinachomsukuma akuambie usinunue.

### Dalali

Dalali wa mtaani hana bodi ya kitaaluma ya kumfutia usajili akikosea, kama ilivyo kwa wakili au mthamini. Kinga yako ni namna unavyokubaliana naye. Mchuje hivi:

1. Muulize kama amepewa kazi na mwenye nyumba mwenyewe. Mara nyingi aliye mbele yako ametoka kwa dalali mwingine, naye kwa mwingine, na kila mmoja anataka chake. Sema wazi kwamba utalipa udalali mmoja, na wao wagawane.
2. Muulize anaufahamu vipi umiliki wa nyumba hiyo. Anayejibu "ina kila kitu, bosi" hajui. Anayesema "ni ofa, hati bado, mwenyewe yuko Moshi" ni wa kufanya naye kazi.
3. Patana udalali kabla ya kuona nyumba. Kwenye kununua, kiwango kinachotajwa sana ni asilimia 5 hadi 10 ya bei, na kinajadilika, hasa bei ikiwa kubwa. Andikeni nani analipa, mnunuzi au muuzaji, na kwamba inalipwa baada ya uhamisho kusajiliwa.
4. Ziba mlango wa cha juu. Mwenye nyumba anataka milioni 80, wewe unaambiwa 95, na zile 15 zinaishia njiani. Dawa yake ni kuongea bei na mwenye nyumba uso kwa uso na kuingiza malipo yote kwenye akaunti yenye jina lake. Dalali anayezuia msikutane analinda cha juu chake.
5. Hela ya kuonyeshwa nyumba, kama ipo, iwe ndogo na ijulikane mapema. Anayekuzungusha nyumba tano zisizofanana na ulichoomba biashara yake ni kuonyesha, kuuza hakumhusu.

Kampuni ya milki yenye ofisi, TIN na risiti ina unafuu, kwani unajua pa kuipata kesho. Bado haikuondolei upekuzi.

### Wakili

Awe wako peke yako. Wakili "wa pamoja" aliyeletwa na dalali ndiye chanzo cha mikataba inayomlinda muuzaji tu. Hakiki jina lake kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama ya Tanzania, utaona kama ana leseni hai. Mpe kazi kwa maandishi: upekuzi, rasimu ya mkataba, kusimamia malipo, kufuatilia uhamisho mpaka hati itoke. Wapo wanaogonga mhuri wakadhani wamemaliza, kwa hiyo lipa kwa hatua.

### Mthamini na mpima

Mthamini awe amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wathamini, iliyo chini ya sheria ya mwaka 2016. Ripoti yake ina kazi mbili: inakuonyesha kama bei ni ya soko, na ikishaidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali hutumika kukokotoa kodi na ushuru. Mpima ardhi naye awe mwenye usajili, na umchague wewe. Asiwe yule aliyeuza viwanja vya eneo hilo.

Umefanikiwa ukiwa na namba ya usajili ya kila mtaalamu, makubaliano ya ada kwa maandishi, na hakuna hata mmoja aliyeletwa na muuzaji.

## Hatua ya 4: Fanya upekuzi rasmi

Hapa ndipo pa kutulia. Kwa nyumba yenye hati, wakili anaomba upekuzi kwa Msajili wa Hati kwenye ofisi ya ardhi ya mkoa, analipia kwa namba ya malipo ya serikali, na anapata majibu ya maandishi. Majibu yakuambie jina la mmiliki wa sasa, rehani, zuio la mahakama au la mwenza, na uhamisho ulio njiani.

Linganisha majibu na nakala yako, herufi kwa herufi. Hati ya kughushi mara nyingi ina namba ya kweli na jina la uongo, au jina la kweli na ukubwa ulioongezwa. Tofauti ya herufi moja kwenye jina nayo irekebishwe kabla ya malipo, kwa sababu baadaye itakwamisha uhamisho.

Muuzaji akisema hati iko benki, nyumba ina mkopo. Si mwisho wa safari: pata barua ya benki inayotaja deni lililobaki, ulipe sehemu hiyo moja kwa moja benki, na rehani ifutwe kwa Msajili kabla hujamalizia salio.

Kagua pango la ardhi. Toa namba ya malipo ya kiwanja hicho uone jina linalotokea na deni. Pango lisilolipwa miaka mingi linaweza kumfanya mmiliki afutiwe hati, na kufanya hivyo kunaanza kwa notisi ambayo wewe hutaiona. Usichanganye pango na kodi ya majengo inayokatwa kwenye LUKU tangu 2021. Hiyo inalipwa na yeyote anayenunua umeme, haithibitishi umiliki wowote.

Kwa nyumba isiyo na hati, upekuzi ni wa miguu. Nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri uulizie mchoro na mgogoro. Nenda kwa mwenyekiti na mjumbe. Kisha zungumza na majirani wa pande zote nne bila dalali. Waulize nani alijenga, nani alikuwepo kabla, na kama kuna mtu amewahi kuja kudai. Jirani atakuambia kwa dakika kumi yale ambayo hayapo kwenye jalada.

Ofisi ya mtaa hushuhudia tu, haihamishi umiliki. Sehemu nyingine watadai asilimia 10 ya bei. Omba risiti ya serikali kwa kila shilingi, na pasipo risiti hapana malipo.

## Hatua ya 5: Kagua kiwanja chenyewe

Mpima aje na ramani ya upimaji na kifaa, atafute bikoni zote (alama za mipaka zilizowekwa ardhini) na kulinganisha namba zilizopo juu yake na zilizo kwenye ramani. Bikoni ikikosekana, irudishwe kwa gharama ya muuzaji. Ukuta wa jirani ulioingia mita moja ni mgogoro wako wa kesho.

Pima umbali wa barabara na maji. Hifadhi ya barabara kuu na za mkoa ni mita 30 kutoka katikati kila upande, na zipo zenye zaidi: kwenye barabara ya Morogoro kati ya Kimara na Kiluvya ilihesabiwa mita 121.5, na nyumba nyingi zikabomolewa 2017. Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka mto, ziwa au bahari. Ukiona alama ya X ukutani, hata iliyopakwa rangi juu yake, acha.

Nenda siku ya mvua. Kwa mabondeni hakuna ukaguzi unaoishinda.

## Hatua ya 6: Mkataba na mpangilio wa malipo

Mkataba utaje namba zote za kiwanja, bei kwa tarakimu na maneno, akaunti ya kulipia, tarehe ya kukabidhi, nani analipa kodi ipi, na muuzaji atarudisha nini ndani ya siku ngapi uhamisho ukishindikana. Usiandike bei ya chini ili kupunguza kodi. Uhamisho ukikwama, utakachoweza kudai ni kile kilichoandikwa.

Kodi ya ongezeko la mtaji ni ya muuzaji: kwa mkazi, asilimia 10 ya faida. Aliyenunua kwa milioni 60 akauza kwa 100 ana faida ya 40, kwa hiyo anadaiwa 4, pungufu ya hapo kama ana risiti za maboresho. Bila cheti cha TRA kwamba imelipwa, uhamisho hauendi. Muuzaji aliyekwisha kula hela yote hatakuwa na haraka ya kwenda TRA, na wewe ndiye utakayekwama.

Kwa hiyo zuia fedha. Mpangilio unaofaa: asilimia 30 mkataba ukisainiwa baada ya upekuzi safi, 50 fomu za uhamisho na hati halisi zikiwa kwa wakili wako, 20 cheti cha kodi kikitoka na uhamisho ukisajiliwa. Muuzaji akibisha, punguza ile 20, lakini isishuke chini ya kodi anayodaiwa.

Onyo: usiingie kwenye nyumba na kuanza kubomoa au kujenga kwa malipo ya awali. Kila tofali linampa muuzaji nguvu ya kukupandishia masharti.

## Hatua ya 7: Hamisha umiliki

Wakili anawasilisha fomu za ardhi: Na. 29 ya taarifa ya uhamisho, Na. 30 ya maombi ya idhini na Na. 35 ya uhamisho wenyewe, pamoja na mkataba, ripoti ya uthamini, risiti za pango, cheti cha kodi, picha na vitambulisho. Mnunuzi analipa ushuru wa stempu, takriban asilimia 1 ya thamani, na ada za usajili.

Yanayorudisha majalada nyuma ni madogo: jina la NIDA lisilofanana na la hati, sahihi ya mwenza iliyosahaulika, pango lililolipwa mpaka mwaka jana tu. Yapitie yote siku moja kabla ya kuwasilisha. Fuatilia kwa namba ya jalada, siyo kwa jina la afisa.

Kwa skwata hakuna hatua hii. Badala yake chukua karatasi zote za mauziano tangu mwenye eneo wa kwanza, uziunganishe na yako, na uombe leseni ya makazi au uingie kwenye urasimishaji kwa jina lako mara tu fursa ikifunguka.

Umefanikiwa pale upekuzi mpya, unaoufanya wewe baada ya usajili, unapotoa jina lako na hakuna rehani wala zuio. Hapo ndipo salio la mwisho na udalali vilipwe. Badilisha jina kwenye mita ya LUKU na ya maji, toa namba ya malipo ya pango kwa jina lako, na kama kiwanja kina sharti la kuendelezwa ndani ya miezi 36, andika tarehe hiyo mahali utakapoiona.